Perege kutoka sokoni hadi sahani: mwongozo kamili wa kumtambua, kumsafisha, kumpika na kumla

Wengi wanaosema hawali samaki wa maji baridi kwa sababu ananuka tope waliwahi kupewa perege aliyechaguliwa vibaya au aliyesafishwa haraka haraka. Mpishi alilaumiwa bure. Perege ana nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi (gramu 100 za nyama mbichi zina takriban gramu 20 za protini na chini ya gramu 2 za mafuta), na hana ile miiba ya panda iliyojificha ndani ya mnofu kama ya kuyu au ningu. Yanayomharibia jina hutokea kabla hajagusa mafuta. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya sokoni, kisu na beseni.

Kumtambua perege

Tanzania jina la jumla ni perege. Kanda ya Ziwa anayeuzwa zaidi ni sato, na Kisumu utasikia ngege au tilapia tu. Muuzaji mmoja anaweza kuwaita samaki wa aina tatu kwa jina moja, kwa hiyo jifunze kumsoma samaki mwenyewe.

Anza na pua. Samaki wengi wana vitundu viwili vya pua kila upande wa uso. Perege na ndugu zake wote, wakiwemo furu, wana kimoja tu kila upande. Kisha tazama ubavuni. Kuna mstari wa vinukta unaoanzia nyuma ya shavu kuelekea mkiani. Kwa perege mstari huo umekatika vipande viwili: cha kwanza kinapita juu na kuishia chini ya mwisho wa pezi la mgongo, cha pili kinaanza chini kidogo, katikati ya mwili, na kwenda hadi mkiani. Tatu, pezi la mgongo ni moja refu lisilokatika; mbele lina miiba migumu, nyuma ni laini.

Dalili hiyo ya tatu inakulinda dhidi ya kuuziwa sangara mchanga kwa jina la sato. Sangara ana pengo kubwa katikati ya pezi la mgongo, kama mapezi mawili, mkia wake ni wa mviringo, na jicho lake lina mng'ao wa rangi ya chungwa. Furu naye ni mdogo, na dume lake lina madoa ya manjano au chungwa kwenye pezi la chini, karibu na njia ya haja.

Ukishajua ni perege, tazama mkia ujue ni yupi.

Sato, Oreochromis niloticus, ana mistari myembamba iliyosimama wima kwenye mkia wote, tangu unapoanzia hadi ukingoni. Hiyo ndiyo alama yake ya uhakika. Pezi lake la mgongo lina miiba 16 hadi 18. Dume aliye tayari kuzaliana huwa na wekundu kichwani na kifuani. Rangi hiyo si ugonjwa. Sato si mwenyeji wa Ziwa Victoria: aliletwa miaka ya 1950, kipindi kile kile cha sangara, na leo ndiye perege mkuu wa ziwa hilo na wa mabwawa mengi ya kufugia.

Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, hana mistari hiyo mkiani. Ndiye aliyekuwa samaki wa heshima wa Ziwa Victoria kabla ya wageni, na sasa yuko hatarini kutoweka kabisa. Amebaki zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli upande wa Kenya. Ukikutana naye kwenye ndoano, mrudishe majini.

Perege tumbo-jekundu, Coptodon zillii, ana mwili wa kijani cha mzeituni, tumbo jekundu wakati wa kuzaliana, na doa jeusi lenye ukingo wa manjano kwenye sehemu laini ya pezi la mgongo. Doa kama hilo sato huwa nalo utotoni, kisha linapotea. Huyu hubaki nalo ukubwani. Mkia wake una madoa hafifu badala ya mistari. Analiwa vizuri, ila huwa mdogo, kwa hiyo lipia bei ya samaki mdogo.

Ukiona mistari ya mkia imefifia au imekatika katika, yawezekana ni chotara. Sato huzaliana na perege wengine wenyeji bila shida. Kwa mlaji hakuna tofauti yoyote. Yule mwekundu mwili mzima wa mabwawani pia ni perege wa kuzalishwa, hata kama mtu atajaribu kumuuza kwa jina na bei ya changu.

Kuchagua

Ukubwa kwanza. Kiwango cha chini kilichokubaliwa na nchi zinazochangia Ziwa Victoria ni sentimita 25 kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Samaki wa urefu huo huwa na takriban gramu 300, yaani sahani moja. Wa sentimita 30 hukaribia nusu kilo au huzidi kidogo, na huyo ndiye bora kwa kukaanga mzima: ana nyama ya kutosha mgongoni lakini joto linafika hadi kwenye mfupa kabla ngozi haijaungua. Mwenye kilo moja au zaidi mkate vipande, au mpike mchemsho.

Kwa ubichi, usimalizie kwenye macho. Macho angavu yaliyotuna ni dalili nzuri, lakini barafu peke yake inaweza kuyafanya yawe na ukungu kwa samaki ambaye bado ni mzima. Amini zaidi mambo haya: fungua shavu uone matamvua, yawe mekundu na yenye ute mwepesi unaoonyesha, yakiwa ya kahawia au kijivu, mrudishe. Bonyeza mgongo kwa kidole gumba, nyama irudi mara moja. Shika tumbo, liwe gumu. Tumbo lililolegea au lililopasuka karibu na njia ya haja maana yake utumbo umeanza kuoza ndani, na hapo ladha ya mnofu wa tumbo imeshakwenda. Mwisho nusa matamvua yenyewe, si ngozi. Samaki mzima hunukia maji ya ziwa na majani.

Muulize mama samaki swali moja tu: "Mama, hawa ni wa ziwani au wa bwawa?" Wa bwawa si wabaya, ila ndiko harufu ya tope hutokea zaidi. Harufu hiyo haitoki kwenye tope hasa. Inatoka kwenye kemikali ziitwazo jeosmini na MIB, zinazotengenezwa na mwani wa kijani-buluu na bakteria wa majini, ambazo samaki huzifyonza na kuzihifadhi kwenye mafuta ya ngozi na ya tumbo. Mfugaji makini huwahamishia samaki kwenye maji safi yanayobadilishwa, bila chakula, kwa siku kadhaa kabla ya kuwauza. Kama unanunua wengi kwa ajili ya shughuli, nunua mmoja kwanza, chemsha kipande cha tumbo bila chumvi wala ndimu, uonje. Kikiwa na ladha ya udongo, samaki wote wa bwawa hilo siku hiyo watakuwa hivyo.

Jike aliyekondeana, kichwa kikubwa mwili mwembamba, huenda alikuwa akilea. Jike wa sato huatamia mayai mdomoni, na kwa wiki moja au mbili hali karibu chochote. Usishangae kukuta mayai ya rangi ya manjano yamebaki kooni. Analiwa, lakini nyama ni kidogo na kavu, basi chagua mwingine.

Samaki wa barafu kutoka kwenye katoni mara nyingi huja ameshaparwa magamba na kutolewa matumbo, akiwa amefunikwa gamba la barafu ambalo nalo limepimwa kwenye mizani. Myeyushe kwenye friji usiku kucha, au ndani ya mfuko uliofungwa vizuri kwenye maji baridi kwa muda wa saa moja. Maji ya moto hulainisha nje huku ndani kukiwa bado jiwe, na samaki atakatika kwenye karai.

Kutoka sokoni hadi nyumbani, kama safari inazidi saa moja kwenye jua, beba barafu: kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ukianza na barafu chini na kumalizia na barafu juu.

Kumsafisha

Andaa kisu kifupi chenye makali, mkasi imara, kijiko cha chuma, chumvi ya mawe na beseni la maji.

1. Kata mapezi kwa mkasi kabla ya jambo lingine lolote, ukianzia mkiani kuelekea kichwani. Miiba ya mgongo huchoma, na kidonda cha mwiba wa samaki huvimba haraka. Mkia uache, utakusaidia kumgeuza.

2. Para magamba kwa mgongo wa kisu au ukingo wa kijiko, kutoka mkiani kwenda kichwani. Fanya hivyo samaki akiwa ndani ya maji ya beseni, magamba hayatarukia ukutani. Kama amekauka na magamba yameshikilia, mloweke dakika 10. Pitisha kidole kinyume kwenye tumbo na kandokando ya kichwa, kwani hapo ndipo magamba husahaulika na kuharibu mchuzi mzima.

3. Pasua tumbo kutoka njia ya haja hadi chini ya mashavu. Makali ya kisu yaelekee nje, kwako, na ncha iingie kidogo tu. Perege hula mwani, hivyo utumbo wake ni mrefu mno, mwembamba, uliojikunja duara nyingi, na ukiutoboa unamwaga tope la kijani kwenye nyama.

4. Ingiza vidole, shika matumbo yote karibu na kichwa, vuta kwa pamoja. Kifuko cha nyongo kimejificha kwenye ini, mbele kabisa. Kikipasuka, usisugue; mwagia maji yanayotiririka papo hapo, kisha kata na utupe sehemu yote iliyogeuka kijani au manjano. Ndimu haiondoi uchungu wa nyongo.

5. Utaona ngozi nyembamba nyeusi imetanda ndani ya tumbo. Ni ya kawaida kwa perege, wala si uchafu wa maji ya mjini. Lakini iondoe: weka chumvi ya mawe, sugua kwa kitambaa au kijiko hadi nyama iwe nyeupe. Hatua hii watu huiruka, kisha hulalamika kwamba samaki ana ladha ya tope.

6. Chini ya uti wa mgongo kuna mstari wa damu nyeusi uliofunikwa na utando. Uchane kwa ncha ya kisu na uikwangue damu kwa ukucha.

7. Toa matamvua kwa kuyakata juu na chini kwa mkasi. Ndiyo sehemu inayooza mapema kuliko zote, na kichwa kilichoachiwa matamvua hutia supu uchungu.

8. Suuza mara mbili kwa maji baridi, basi. Kumloweka kwenye maji kwa saa nzima hakumfanyi kuwa safi zaidi, kunamfanya ateleze na kukosa ladha.

Ukikuta minyoo iliyojikunja ndani ya tumbo, au vijifuko vya manjano karibu na matamvua, itoe. Vimelea hao hufa kwenye joto, mradi samaki aive hadi kwenye mfupa, yaani nyuzi 63 za Selsiasi. Ndiyo sababu perege haliwi mbichi, hata akikolezwa ndimu kiasi gani. Akiwa na minyoo mingi hadi kwenye mnofu, mtupe.

Kukaanga: hapa ndipo penye kazi

Kwa perege wawili wa gramu 300 hadi 400 kila mmoja: vijiko vya chai viwili vya chumvi, ndimu moja kubwa, punje nne za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba vilivyotwangwa, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, na mafuta ya kula ya kutosha kufika nusu ya unene wa samaki, kwa karai la kawaida ni nusu lita hivi.

Chanja kila ubavu mara tatu au nne, kwa mshazari, ukiacha sentimita 2 hadi 3 kati ya chale. Mgongoni kisu kifike kwenye mfupa. Tumboni kipite juu juu tu, kwani nyama hapo ni nyembamba na itafunguka. Chale huingiza chumvi na hupitisha joto kwenye sehemu nene, ndipo mgongo na tumbo vikaiva kwa wakati mmoja.

Pakaza viungo ndani ya chale, tumboni na kichwani. Acha dakika 20 hadi 30. Kupita saa moja ndimu huanza "kuiva" nyama: inakuwa nyeupe kama chaki, na ikikaangwa inamumunyuka. Kwa samaki wa bwawa unayemshuku harufu, ndimu au siki ina kazi zaidi ya ladha, kwani asidi huvunja jeosmini.

Sasa jambo linaloamua kila kitu: mkaushe. Pangusa viungo vya maji maji vilivyobaki juu ya ngozi, futa samaki kwa kitambaa safi au karatasi, kisha mning'inize au mlaze kwenye chekecheke penye upepo kwa nusu saa. Wakaangaji wa Mwanza na Kisumu hawatumii unga, na ngozi zao hutoka kavu zenye kulia zinapotafunwa, kwa sababu samaki ameingia kwenye mafuta akiwa hana maji juu. Maji juu ya ngozi hufanya mambo mawili: hurusha mafuta usoni, na hushusha joto hadi ngozi inanata kwenye chuma. Ukiwa na haraka, paka unga wa ngano mwembamba kama vumbi na ukung'ute unaozidi. Unga mzito hunywa mafuta.

Pasha mafuta hadi nyuzi 175 au 180. Bila kipimajoto, chovya ncha ya mwiko wa mti: mapovu madogo yakitoka mfululizo, tayari. Mafuta yakitoa moshi, yamezidi. Epua karai kidogo.

Shika samaki kwa mkia, mlaze taratibu ukimwelekeza mbali nawe. Weka mmoja au wawili tu, maana ukijaza karai joto linaporomoka na samaki anachemka ndani ya mafuta. Kisha mwache. Usimsogeze, usimchungulie kwa kijiko. Ngozi hunata mwanzoni, halafu hujiachia yenyewe ikishakauka. Anayegeuza kabla ya hapo huacha ngozi kwenye karai. Dakika 5 au 6 kila upande kwa gramu 300, 7 au 8 kwa nusu kilo. Mgeuze mara moja tu, kwa vijiko viwili, kimoja chini ya kichwa na kingine chini ya mkia.

Ameiva pale kelele za mafuta zinapopungua, na ukifungua chale nene nyama inaachia mfupa bila kubaki na waridi. Msimamishe kwenye chujio atiririke mafuta. Ukimlaza kwenye sahani, upande wa chini utalainika kwa mvuke wake mwenyewe.

Mafuta yachujwe yakishapoa na kuwekwa kwa ajili ya samaki tu. Yakiwa meusi, yakitoa povu la kubaki juu au yakifuka moshi mapema, yametosha.

Chukuchuku, na mchuzi wa nazi

Chukuchuku ndiyo mtihani wa ubichi, maana hakuna mafuta ya kuficha kitu. Kwa kilo moja ya perege aliyekatwa vipande vitatu au vinne: kitunguu maji kimoja, nyanya mbili, karoti moja, hoho nusu, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuka. Panga mboga chini, samaki juu, mimina maji yamfunike kwa shida, kama robo tatu ya lita. Yakianza kuchemka punguza moto hadi yawe yanatetemeka tu, funika, dakika 12 hadi 15. Moto mkali humvuruga samaki na kufanya supu iwe na ukungu. Kamulia ndimu baada ya kuepua. Ikipikwa muda mrefu hugeuka chungu. Usikoroge, tikisa sufuria.

Kwa nazi, mkaange samaki nusu kiwango kwanza, dakika 3 kila upande, la sivyo atapukutika. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya tatu hadi mafuta yajitenge, weka nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, mimina vikombe viwili vya tui jepesi, liache lichemke dakika 10. Ingiza samaki, kisha kikombe kimoja cha tui zito pamoja na maji ya ukwaju vijiko viwili vya chakula. Tui zito likitokota kwa nguvu hukatika na kuacha mafuta yakielea, kwa hiyo moto mdogo, dakika 5 tu.

Kumla

Ugali na kachumbari kwa wa kukaanga, wali kwa wa nazi. Kula kwa mkono; vidole hugundua mwiba ambao uma hauwezi kuuona.

Anza mgongoni. Bana nyama juu ya mstari wa ubavuni na uisukume kuelekea mgongoni. Itatoka pande nene zisizo na miiba, isipokuwa safu fupi ya vijiba karibu na kichwa. Kisha shuka tumboni, ambako mbavu ndefu zilizopinda hutoka moja moja ukizivuta kuelekea chini. Upande mmoja ukiisha usimgeuze samaki: shika mkia, inua uti wa mgongo wote kuelekea kichwani, nao upande wa pili utabaki umelala sahani nzima wazi. Kichwani kuna mnofu wa shavu, mdogo na laini kuliko nyama zote za samaki huyu, na wenye kujua huwahi hapo. Kwa mtoto mdogo, mpe nyama ya mkia au ya juu ya mgongo, nawe uipitishe vidoleni kwanza.

Mwiba ukikwama kooni, lile tonge kubwa la ugali linalomezwa bila kutafunwa linaweza kuuzamisha zaidi au kuchana koo. Kohoa, kunywa maji kidogo. Kama bado unachoma baada ya saa chache, au kuna damu, mate hayapiti au pumzi inabana, nenda hospitali bila kungoja kesho.

Samaki wa kukaanga aliyebaki asikae mezani zaidi ya saa mbili. Kwenye friji anavumilia siku mbili, na kumrudisha kwenye mafuta kutamkausha. Mpike mchuzi wa nyanya, mwingize dakika 5 za mwisho.